Mama Chanuo Amepumzika

Mimi ni fundi viatu. Watu nawajua kuanzia chini kwenda juu, na wengine sifiki juu. Mama Chanuo nilimjua miguu kabla ya uso, kwa sababu kibanda changu kinatazamana na mlango wa chumba chake cha kusukia, na mlango huo una pazia fupi linaloishia usawa wa magoti. Kutwa nzima nilikuwa naona miguu miwili imesimama nyuma ya kiti kirefu, inasogea kidogo kushoto, inasogea kidogo kulia, mpaka kichwa cha mteja kiishe. Kisha miguu ya mteja mwingine inaingia, na ile miwili bado imesimama pale pale.

Wasusi wengine hukaa, mteja akaketi chini katikati ya magoti yao. Yeye hakutaka. Alikuwa amechongewa na seremala kiti kirefu chenye ubao wa kukanyagia, mteja anapanda juu, yeye anasimama nyuma. Alisema msusi akikaa husinzia, na akisinzia hupinda mstari. Mistari yake kweli haikupinda. Ilitoka kwenye paji la uso ikafika kisogoni imenyooka kama imepigwa rula, tena alikuwa anavuta. Mwanamke aliyetoka pale siku ya kwanza hakuweza kufumba macho vizuri, maana ngozi ya uso ilikuwa imekwenda nyuma pamoja na nywele. Walilalamika sana, na wote walirudi.

Jina lake lilitokana na chanuo la mti alilolichomeka kwenye kilemba saa zote. Mkwe wake, mke wa mwanawe dereva wa lori, aliishi naye nyumba moja, na aliniambia kwamba hata kitandani mama mkwe alilala na chanuo lake kichwani. Nywele zenyewe zilizokuwa chini ya kilemba, mkwe hakuwahi kuziona. Kinyozi hajinyoi, na msusi naye ndivyo.

Kuna msuko unaitwa twende kilioni. Ni mistari michache, minene, imelazwa nyuma, haina urembo wowote, na ukianza kuusuka chai ikiwa ya moto, unamaliza bado inanyweka. Ni msuko wa mtu aliyepata habari ya msiba na hawezi kutokea mbele za watu na nywele timutimu. Mama Chanuo alijua mitindo mingi ya madaha, ile inayomfanya mwanamke apite barabarani polepole ili aonekane, lakini heshima yake mtaani ilitokana na twende kilioni. Aliyefiwa na anayekwenda kufariji walisukwa bure, tena waliruka foleni. Mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani alifuatwa kwake. Akiitwa tu, Mama Chanuo alichukua mkoba wake wa mafuta na machanuo akaondoka, na aliyekuwa kwenye kiti kirefu abaki hapo. Nimewahi kumwona mke wa seremala akisubiri mlangoni, upande mmoja wa kichwa bibi harusi, upande wa pili mwehu, na hakuthubutu kunung'unika maana aliyeitiwa msusi alikuwa mahututi.

Msusi mwenyewe alikuwa na hesabu zake juu ya jambo hili, wala hakuzificha.

"Mwili ni udongo, Fundi," aliniambia siku moja nilipomwonyesha nyufa za visigino vyake. "Ukiupaka mafuta, umepaka mafuta udongo. Lakini kichwa cha mwenzio ulichokisuka kwa ajili ya Mungu, hicho kinakutangulia akhera. Siku hiyo vichwa vyangu vyote vitasimama viseme, huyu alitusuka."

Nikamuuliza vichwa hivyo vitasimama na nywele au vitakuwa mafuvu, maana kama ni mafuvu ushahidi utakuwa mgumu. Akanirushia kitana. Kilinikosa kikamwangukia paka.

Na ukimwambia apumzike, jibu lilikuwa moja, na mtaa mzima uliweza kumtangulia kulisema: "Nitapumzika kaburini." Alikula amesimama. Alikunywa chai mteja akiwa anajitazama kwenye kioo. Sisemi alikuwa mnafiki, hata kidogo, nasema alikuwa anachosha. Ukikaa karibu na mtu mwema kiasi hicho, unaanza kuona aibu kwa kukaa tu.

Mguu wa kushoto niliujua unaumwa kabla yeye hajakubali. Aliniletea ndala akasema nirefushe ukanda. Nikaurefusha. Akairudisha, akataka urefu zaidi. Nikamwambia, "Mama, kiatu hakijapungua, mguu ndio umeongezeka." Akasema, "Wewe shona." Baadaye aliniambia niukate ukanda wote, na alipoutoa mguu kwenye ndala niliona juu ya kifundo kitambaa kimefungwa, na kitambaa kimelowa. Alinitazama kwa jicho ambalo lilimaanisha nisimwambie mkwe. Mkwe alikuwa ameshajua, kwa sababu ndiye aliyekuwa anafua mashuka.

Kumpeleka zahanati ilibidi adanganywe. Mkwe alimwambia kuna mgonjwa wanakwenda kumwona, naye akabeba mkoba wake wa kusukia, akatangulia mbele. Walipoketi kwenye benchi akaanza kuuliza mgonjwa yuko chumba gani. Alipoitwa jina lake mwenyewe ndipo alipoelewa, na kwa kuwa watu walikuwa wanatazama, akaingia.

Daktari alimwambia waziwazi. Mishipa ya mguu imechoka kwa kusimama, damu inashuka na haipandi, ndiyo maana kidonda hakifungi. Ufungwe bandeji ya kubana, akae, mguu uinuliwe juu ya mto, asisimame kazini mpaka kipone. Akiendelea kusimama, mguu utaoza, na ukioza utakatwa.

"Mama, fikiria kesho yako," daktari alimalizia.

"Hiyo kesho ndiyo ninayoifikiria, mwanangu, kuliko unavyodhani," alijibu Mama Chanuo. "Na huko sitaulizwa nimefika na miguu mingapi."

Walikuwa wanasema kesho mbili tofauti. Daktari alikuwa na maana ya Jumatatu na Jumanne, yeye alikuwa na maana ya mbele ya Mungu, na hakuna aliyemrekebisha mwenzake. Walipewa bandeji wakarudi nyumbani, na kabla jua halijageuka niliona chini ya pazia ile miguu imesimama, mmoja mweupe kwa bandeji.

Niliposikia habari ya kukatwa nilimwambia, kwa mzaha, kwamba nitamshonea kiatu kimoja kimoja na sitamlazimisha kununua jozi. Yeye alicheka. Mkwe alikuwa amesimama hapo na ndoo, na hakucheka. Aliiweka ndoo chini.

"Mimi mama mmoja nimeshazika," alisema. "Sitaki kuzika wa pili kipande kipande."

Akaingia ndani. Mama Chanuo akaita mteja anayefuata. Sikio la kufa halisikii dawa, nikajisemea, nikarudi kwenye gundi yangu.

Wapo waliojaribu kwa njia ya upole. Mwalimu wa chekechea, mjane kijana mwenye sauti ndogo ambaye watoto wake wa darasani humsikia kwa kumhurumia, alikuwa anapita na supu kwenye bakuli lenye mfuniko. Mama Chanuo alimshukuru, akamwombea dua ndefu, na mwalimu kabla hajafika ng'ambo ya barabara, bakuli lilikuwa limetoka kwa mlango wa nyuma kwenda kwa jirani aliyejifungua. Niliona mimi, na mwalimu aligeuka akaona pia. Mara nyingine akaja akaomba amfulie bandeji, akaambiwa, "Usijisumbue, mwanangu, Mungu amekwisha kukuandikia kwa nia tu." Akaenda zake na mikono yake mitupu.

Sasa nije kwa Bibi Mkunga. Huyu ndiye aliyezalisha nusu ya mtaa, akiwemo yule dereva wa lori. Alikuwa amelala kitandani muda mrefu, miguu haimbebi, macho yanaona vivuli tu. Mama Chanuo alimsuka kila mwisho wa wiki, na mwisho wa wiki huo nilifuatana naye kwa sababu nilikuwa nimemshonea bibi viatu vya ngozi laini, visivyomchubua. Nikapiga magoti mwisho wa kitanda nikimvalisha. Mama Chanuo alikuwa amesimama upande wa kichwani, ameegemea ukuta kwa bega moja, anasuka. Pumzi zake zilisikika.

"Kaa, mwanangu," alisema Bibi Mkunga.

"Nikikaa mistari itapinda, Bibi."

"Ipinde. Kwani nani anakuja kunichumbia?"

Nilicheka. Mama Chanuo hakucheka wala hakukaa. Bibi akauliza, kwa sauti ile ile ya kawaida, kama anauliza bei ya nyanya:

"Hivi unanisuka mimi, au unajisukia pepo yako?"

Mikono ilisimama.

"Vyote viwili, Bibi. Kuna ubaya gani?"

"Ubaya sijui. Mimi kazi yangu ilikuwa watoto, mambo ya huko juu sikuyasomea. Ninachokwambia ni kwamba zamani ukinishika kichwa tulikuwa tunazungumza. Siku hizi ukinishika unakuwa kama mtu anayeweka vitu kabatini. Halafu unanuka."

"Nanuka?"

"Kidonda chako kinanuka, mwanangu. Mimi mgonjwa, nimelala hapa na harufu zangu mwenyewe, zinanitosha. Unakuja kunifariji unaniletea nyingine."

Ukunga haufunzi mtu kuzunguka maneno. Mama Chanuo alimaliza mistari iliyobaki, akampaka mafuta, akafunga mkoba. Njia nzima nilikuwa nyuma yake. Watu walimsalimia, akawapita. Aliupita pia mlango wa chumba cha kusukia, ambamo mteja alikuwa ameshapanda kwenye kiti kirefu, akaingia mlango wa nyumbani.

Yaliyofuata ndani nilisimuliwa na mkwe. Mama Chanuo aliingia chumbani kwake, akafungua kilemba, akakiweka kitini. Akajilaza kitandani mchana kweupe, jambo ambalo nyumba ile haikuwahi kuliona, akaweka mguu juu ya mto kama alivyoagiza daktari, akalala usingizi mzito. Mkwe alipochungulia alishtuka, akasogea kusikiliza kama anapumua. Alipohakikisha, alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Akaurudisha mlango polepole, akamwomba yule mteja aondoke, akaanza kutembea kwa ncha za vidole.

Hapo simu ikalia. Mpigaji alikuwa muuza mboga wa kona, ambaye jina lake la ubatizo wa mtaa ni Redio, na hana kitufe cha kuzimia. Alitaka kujua kama jioni kuna nafasi ya kusukwa. Mkwe akajibu kwa kunong'ona, asimwamshe mama, na koo lilikuwa bado lina machozi:

"Dada, haitawezekana. Mama amepumzika."

"Unasema?"

"Amepumzika. Sasa hivi tu. Ameteseka mno na ule mguu. Naomba msipige simu kwanza."

Angesema "anapumzika", habari ingeishia hapo. Ni tofauti ya silabi moja. Lakini alisema "amepumzika", akisema kweli tupu, na katika lugha yetu mtu akishapumzika namna hiyo kinachofuata ni kutafuta wachimbaji. Tena huyu ni mtu aliyeutangazia mtaa kwa miaka kwamba siku ya kupumzika kwake ni ile ya kaburi. Redio hakuwa na sababu ya kuuliza mara mbili. Mkwe naye alikata simu, akachukua kibeti, akafunga mlango, akakimbilia zahanati kuchukua bandeji mpya na dawa, maana mgonjwa alikuwa ametulia kwa mara ya kwanza na huenda bahati hiyo isirudi.

Habari ilinifikia Redio akiwa anapita mbio, kanga begani, analia kwa sauti. Niliacha kiatu kwenye kalibu. Nikalitazama lile pazia fupi, na chini yake hapakuwa na miguu. Nililia, na sioni haja ya kuficha. Nilikuwa nimemtania mwanamke yule kwa miaka, na sikuwa nimewahi kumwambia kwamba nikiiona miguu yake asubuhi nilijua siku imeanza. Nikafunga kibanda.

Wanawake walikuwa na tatizo la ziada. Msiba umetokea, na msibani hakuendwi na nywele timutimu. Mke wa seremala aliposikia, alijifunga kanga ya pili akatoka mbio kwenda kusukwa twende kilioni, na alikuwa ameshashika njia ya kwa marehemu mwenyewe alipokumbuka, akakaa chini katikati ya barabara akalia upya. Ikabidi wasukane wao kwa wao. Hakuna aliyekuwa na mazoea, kwa kuwa kulikuwa na mtu wa kufanya hivyo bure siku zote. Walikuja na vichwa vya ajabu. Kuna mistari iliyoanzia sikioni ikapotelea njiani. Kuna aliyekuwa na mitatu upande huu na mmoja upande ule. Redio alikuwa na kitu utosini ambacho mpaka leo hajakubali kukieleza.

Walikusanyika uani, chini ya dirisha la chumba cha Mama Chanuo, wakisubiri mkwe arudi afungue. Wanaume tulipanga viti vilivyoazimwa kwa seremala. Vilio vikaanza.

Ndani, Mama Chanuo akaamshwa na kilio. Aliniambia baadaye kwamba wazo lake la kwanza lilikuwa la hasira: kuna msiba jirani na hakuna aliyemwita. Akainuka, akapapasa mkoba wake, akasogea dirishani asikilize ni nani aliyekufa, ajue kama amchukulie mfiwa mafuta ya nazi au yale mengine.

Redio alikuwa anasifu, na alikuwa anatia chumvi. Kwa maelezo yake marehemu alikuwa na nuru usoni tangu alfajiri na alikuwa ameaga kila mtu. Mke wa seremala alilia kwamba nani sasa atawavuta nywele mpaka wasahau shida zao. Wengine walilia bila maneno. Kisha ikaja zamu ya mwalimu wa chekechea, ambaye alikuwa amesimama peke yake karibu na ukuta.

"Mimi simlilii," alisema. Sauti yake ndogo ilisikika vizuri kwa sababu kila mtu alinyamaza. "Mimi nina hasira naye. Alinisuka nilipofiwa na mama. Alinisuka nilipofiwa na mume, alinishika kichwa changu hiki mpaka nikaweza kusimama. Nilipomletea supu, aliigawa kabla sijavuka barabara. Nilitaka kumfulia bandeji, akasema nisijisumbue. Thawabu zote alizitaka zake. Sisi alituacha tuje kwake mikono mitupu, turudi mikono mitupu, na sasa ameondoka na sina kitu hata kimoja nilichomfanyia. Mtu wa namna hiyo ni mchoyo."

"Mwalimu, marehemu hasemwi," alinong'ona mke wa seremala.

"Na asemwe," akajibu mwalimu.

Mlango wa uani ukafunguliwa kutoka ndani, na Mama Chanuo akatokea na mkoba mkononi.

Redio alipanda juu ya kiti. Seremala alianza dua na kuikatisha katikati, nadhani kwa kukosa uhakika dua ya nini. Waliokuwa nyuma walikimbia mpaka barabarani, kisha udadisi ukawarudisha. Na mimi nilitazama miguu, kama kawaida yangu, nikaona ipo, inakanyaga chini, wa kushoto umevimba vile vile. Ndipo nikainua macho nikaona kichwa. Hakikuwa na kilemba. Nywele zilikuwa na mvi tupu, zimejikunja mafundo mafundo, kama sufu ya godoro kuukuu. Hakuna kati yetu aliyewahi kuziona.

"Nani kafa?" aliuliza.

Ikabidi nijibu mimi.

"Wewe, Mama."

"Mimi?"

"Ndiyo habari tuliyopata."

"Imetoka kwa nani?"

Macho yote yakapanda juu ya kiti. Redio akasema aliambiwa na mkwe kwa mdomo wake, na mkwe akatokea wakati huo huo getini na mfuko wa bandeji, akauliza kwa nini nyumbani kwake kuna viti vya seremala. Ilichukua muda kulipata lile neno moja lililoleta yote hayo. Lilipopatikana tulicheka vibaya, cheko la watu waliotoka kulia, wengine mpaka wakakaa chini. Mama Chanuo alicheka pia, ameshika fremu ya mlango.

Kisha akaacha kucheka. Alikuwa ameviona vichwa.

Alimsogelea mke wa seremala akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku. "Nani kakufanyia unyama huu?" Akavipitia vingine kwa macho, kimoja kimoja, na niliona vidole vyake vinajikunja. Mkoba ulikuwa umeshafunguka na chanuo limeshatoka. Wanawake nao, kwa mazoea tu, walianza kujipanga. Aliyekuwa mbele alikuwa ameshainamisha shingo.

"Mama," alisema mkwe.

Alikuwa amesimama na mfuko wa bandeji kifuani, na usoni pake hapakuwa na hasira, palikuwa na hofu tu. Mguu wa kushoto wa Mama Chanuo ulikuwa unatetemeka, na kutoka kwenye bandeji kuukuu ulishuka mstari mwembamba wa majimaji mpaka kisiginoni. Sote tuliuona. Nilidhani najua atakachofanya. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo hivyo miaka yote, na nikaanza kutafuta pa kutazama.

Mama Chanuo akamwangalia mwalimu wa chekechea.

"Umeniita mchoyo."

"Mama, nilikuwa nina uchungu. Nilidhani…"

"Ulidhani nimekufa. Ndiyo maana ulisema kweli."

Mwalimu akainama. Mama Chanuo alibaki amesimama, chanuo mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alionekana hajui afanye nini baadaye. Halafu akavuta kiti kimojawapo cha msiba wake akakaa. Alikaa kwa shida, kama mtu anayeketi kwenye nyumba ya watu. Mkwe akawa ameshavuta kiti cha pili, akauinua ule mguu kwa mikono miwili, akauweka juu yake, akapiga magoti na kuanza kufungua bandeji. Hakukatazwa.

"Njoo," Mama Chanuo alimwambia mwalimu, akamnyooshea chanuo. "Nisuke."

"Mimi? Mama, mimi sijui. Najua twende kilioni peke yake, tena unapinda."

"Nimeuona. Suka huo huo."

Mwalimu akaja akasimama nyuma yake. Hakujua aanzie wapi. Aligusa yale mafundo kwa ncha za vidole, akachagua moja pembeni ya sikio, akaingiza chanuo na kuvuta. Fundo halikuachia. Akavuta tena, kwa nguvu. Kichwa cha Mama Chanuo kikaenda nyuma, na machozi yakamtiririka mashavuni mpaka shingoni, na hakuyafuta. Sisi tulisimama pale uani na hakuna aliyejua aweke wapi mikono yake.

"Unaniumiza," alisema.

Chanuo likasimama papo hapo.

"Samahani, Mama. Samahani. Basi naacha."

"Nimesema unaniumiza," alisema Mama Chanuo. "Sijasema uache."